Askari, Mshahara na Almasi: Botswana na Kongo

Ndugu wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na wa polisi, wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii husemwa zaidi juu ya nyumba, lakini yafaa vile vile kwa dola. Dola nayo ina kuta zake, na ukuta mmoja ulio muhimu kupita nyingi ni askari wake: yule asimamaye lindoni usiku wa manane, yule akeshaye mpakani, na yule aongozaye magari njia panda huku mvua ikimnyeshea. Mara nyingi ufa katika ukuta huo hauletwi na risasi ya adui. Huanza mwisho wa mwezi, askari anapokwenda kupokea mshahara wake akaambiwa kwamba fedha hazijafika, na hali kila mtu kambini anajua kwamba fedha zilikwisha toka hazina.

Mazungumzo ya leo yanahusu nchi mbili za Afrika, Botswana na Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo. Zote mbili zimejaliwa almasi. Zote mbili zilipata uhuru katika miaka ya 1960, baada ya kutawaliwa na watu wa Ulaya ambao hawakujishughulisha kuwaandaa wenyeji kushika madaraka. Hata hivyo, maisha ya wananchi na namna ya kuongozwa kwao leo hayafanani hata kidogo. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi. Hapa zitatazamwa hasa kwa kipimo kimoja ambacho kila askari anakielewa: je, mali ya nchi ilimfikiaje yule aliyekabidhiwa kazi ya kuilinda?

Yafaa kwanza kukumbuka nchi hizo zilikuwaje siku bendera za kikoloni ziliposhushwa. Kongo ilipata uhuru wake Juni 30, 1960. Ilikuwa nchi tajiri. Katanga kulikuwa na migodi ya shaba iliyojulikana duniani kote. Kasai kulikuwa na almasi iliyochimbwa tangu mwanzoni mwa karne. Kulikuwa na reli, bandari, viwanda, mashamba makubwa na mto ambao nguvu za maji yake zingeweza kuwasha taa za nchi nyingi. Lakini Wabelgiji walioichuma mali hiyo kwa muda mrefu waliiacha nchi ikiwa na Waafrika wasiozidi thelathini waliomaliza masomo ya Chuo Kikuu.

Botswana, ambayo wakati wa Waingereza iliitwa Bechuanaland, ilipata uhuru Septemba 30, 1966. Nchi hiyo ilihesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Sehemu yake kubwa ni jangwa la Kalahari. Ukame ulikuwa umeua ng'ombe wengi, na wananchi wengi walikuwa wakila chakula cha msaada. Vijana walikwenda Afrika Kusini kufanya kazi migodini. Barabara ya lami ilikuwa kilometa 12 tu, na waliokuwa na shahada ya Chuo Kikuu walikuwa 22. Hata makao ya serikali ya kikoloni hayakuwa ndani ya nchi. Yalikuwa Mafeking, katika ardhi ya Afrika Kusini, na mji wa Gaborone ulijengwa harakaharaka ili nchi huru iwe na makao makuu yake. Kwa miaka ya kwanza serikali mpya ilitegemea fedha za Uingereza hata kulipa mishahara ya watumishi wake.

Mtu aliyetazama nchi hizo mbili wakati ule, akaulizwa ni ipi itakayowalipa askari wake vizuri baada ya miaka thelathini, bila shaka angejibu: Kongo. Angekosea, na kosa hilo lilianza kuonekana kabla uhuru wa Kongo haujatimiza juma moja.

Jeshi lililoachwa na Wabelgiji liliitwa Force Publique. Lilikuwa na askari wapatao 25,000, na maofisa wapatao 1,000. Maofisa hao wote walikuwa Wabelgiji. Hakuna hata Mkongo mmoja aliyekuwa na cheo cha uofisa. Askari hao walikuwa wamesikia hotuba za uhuru kama wananchi wengine, wakaona makarani wa jana wamekuwa mawaziri, na wao wakatazamia kwamba vyeo na mishahara yao itabadilika. Julai 5, 1960, kamanda wao, Jenerali Emile Janssens, aliwakusanya askari mjini Leopoldville akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni mamoja. Alitaka kuwafundisha utii, lakini jioni ile ile askari waliasi, na uasi ukaenea hadi kambi ya Thysville na miji mingine. Maofisa wa Kibelgiji walifukuzwa, raia wakateswa, Ubelgiji ikaleta majeshi yake bila ya kualikwa, Katanga ikajitenga, na Umoja wa Mataifa ukaitwa. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa Januari 17, 1961. Na mtu aliyeinuka kutoka katika vurugu hiyo alikuwa Joseph Mobutu, aliyepata kuwa sajini na karani katika jeshi lile lile. Novemba 24, 1965, alitwaa madaraka ya nchi.

Huko Botswana wakati wa uhuru hakukuwa na jeshi la kuasi wala la kupindua serikali. Rais wa kwanza, Seretse Khama, aliona kwamba nchi yenye watu wapatao nusu milioni tu haikuwa na fedha za kulea jeshi. Ulinzi wote uliachiwa polisi, pamoja na kikosi kidogo cha polisi wa kutembea kilichotazama mipaka mirefu iliyopakana na watawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini, Rhodesia na Namibia. Haikuwa salama, lakini serikali ilipendelea kujenga shule kwanza.

Hapo ndipo almasi ilipotokea. Mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, watafutaji madini wa kampuni ya De Beers waligundua almasi nyingi mahali paitwapo Orapa. Orapa imo katika ardhi ya kabila la Bangwato, na Seretse Khama mwenyewe alikuwa mrithi wa kiti cha uchifu wa Bangwato. Angeweza kusema kwamba mali hiyo ni ya watu wake, na wengi wangemshangilia. Badala yake, mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria iliyoweka haki ya madini yote yaliyo chini ya ardhi mikononi mwa taifa zima. Kila kabila lilikabidhi haki hiyo, na kabila la Rais lilikabidhi pia. Kwa tendo hilo ugomvi ambao umezivunja nchi nyingi uliepukwa kabla jiwe la kwanza halijauzwa.

Mgodi wa Orapa ulifunguliwa mwaka 1971, na mgodi wa Jwaneng, ambao ni tajiri zaidi, mwaka 1982. Serikali haikuwafukuza wageni wenye ujuzi, wala haikuwaachia wachukue watakacho. Ilikaa nao mezani, na katikati ya miaka ya 1970 ilipata nusu ya hisa za kampuni ya uchimbaji. Pamoja na kodi na mrabaha, sehemu kubwa ya faida ya almasi iliingia hazina. Fedha hizo ziliandikwa katika makisio ya serikali, zikajadiliwa Bungeni, na matumizi yake yakakaguliwa. Mwaka 1976 nchi ilianza kutumia fedha yake yenyewe iitwayo pula, neno ambalo maana yake ni mvua. Na mwaka 1994 uliwekwa mfuko wa akiba, Pula Fund, kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja baada ya almasi kwisha.

Huko Kongo mali ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1967 Mobutu aliunda chama chake, MPR, na baadaye kila raia akahesabiwa kuwa mwanachama tangu siku ya kuzaliwa. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwishoni mwa mwaka 1973 mashamba na maduka ya wageni yalitaifishwa, jambo ambalo kwa maneno lilikuwa zuri. Lakini hayakupewa ushirika wala wafanyakazi, bali yaligawiwa wakubwa wa chama na jamaa zao. Wengi wao waliuza bidhaa zilizokuwamo kisha wakafunga milango. Bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1974 na 1975, serikali haikuwa na akiba, ila ilikuwa na madeni. Katika kijiji cha Gbadolite, msituni kaskazini, Rais alijijengea majumba ya kifalme na uwanja wa ndege ambao hata ndege ya Concorde iliweza kutua.

Kuhusu maisha ya raia, tofauti ilikuwa ikikua mwaka hadi mwaka. Botswana ilijenga barabara, ikachimba visima, ikaweka zahanati vijijini na kuwafundisha watoto bila kubagua makabila. Huko Zaire barabara zilimezwa na msitu, walimu na wauguzi walikaa miezi bila kulipwa, na wananchi wakatunga mzaha wa uchungu kwamba katiba yao ina kifungu cha 15 kisemacho: kila mtu ajitafutie. Shirika la shaba la Gecamines, ambalo katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa likitoa tani zaidi ya 450,000 kwa mwaka, lilidhoofika kwa kukosa vipuri. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na kufikia mwaka 1994 shirika hilo halikuweza kutoa hata tani 50,000.

Sasa tuwatazame askari wenyewe. Mwaka 1977 na mwaka 1978 majeshi ya nchi hizo mbili yalijaribiwa karibu kwa wakati mmoja, na kila moja lilionyesha lilivyolelewa.

Rhodesia ilipozidi kuivamia mipaka ya Botswana, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuunda jeshi la ulinzi, nalo likaanzishwa Aprili 15, 1977. Kamanda wake wa kwanza, Mompati Merafhe, alitoka katika jeshi la polisi. Silaha zilikuwa chache na askari walikuwa wapya. Februari 27, 1978, huko Lesoma kaskazini, askari wa Rhodesia waliotega njiani waliwashambulia askari wa Botswana na kuwaua 15. Hilo lilikuwa pigo kubwa kwa jeshi ambalo halijatimiza hata mwaka. Lakini jeshi halikusambaratika, halikuvamia vijiji kujilipiza, wala halikuilaumu serikali kwa bunduki. Nchi iliwazika mashujaa wake kwa heshima, na hata leo Botswana huwakumbuka.

Katika miaka hiyo hiyo waasi waliotokea Angola waliingia mkoa wa Shaba huko Zaire, mara ya kwanza Machi 1977, na mara ya pili Mei 1978 walipouteka mji wa Kolwezi. Jeshi la Zaire lilikuwa kubwa, na lilikuwa limepewa misaada mingi na Marekani, Ufaransa na Ubelgiji. Hata hivyo askari wake wengi waliacha silaha wakakimbia. Mara ya kwanza nchi iliokolewa na majeshi ya Morocco, na mara ya pili na askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji. Wazaire si waoga. Wengi wao walikuwa hawajalipwa, na maofisa wao walikuwa wamekwisha uza mafuta ya magari na chakula cha kikosi. Askari wa namna hiyo hujiuliza anafia nini, na kama hapati jibu, miguu yake humjibu.

Mobutu alilijua tatizo hilo, lakini hakuliondoa. Wengi walioyafuatia mambo ya nchi hiyo wanaona kwamba aliogopa jeshi lenye nguvu kuliko alivyoogopa jeshi lenye njaa. Kwa hiyo aliunda kikosi chake cha pekee cha kumlinda Rais, ambacho sehemu kubwa ya askari wake walitoka katika watu wa kwao. Kikosi hicho kililipwa vizuri na kwa wakati. Askari wengine waliachwa wajipatie riziki barabarani. Vizuizi vilijaa kila njia: mama aliyebeba mihogo kwenda sokoni alitozwa, mwenye baiskeli alitozwa, na mwenye gari alitozwa zaidi. Basi raia aliyenyang'anywa na mwenye sare akaanza kuiogopa sare yenyewe.

Ukuta uliporomoka Septemba 1991. Askari wa miavuli huko Kinshasa, waliochoshwa na mshahara usiotosha hata kununua chakula, walianza kupora uwanja wa ndege wa N'djili, kisha wakaingia mjini. Raia wenye njaa waliwafuata. Maduka, viwanda na maghala yaliporwa hadi mabati na nyaya za umeme. Januari 1993 yakatokea tena, na safari hii kwa sababu ya noti. Serikali ilichapisha noti za zaire milioni 5 ikawalipa askari kwazo. Waziri Mkuu Etienne Tshisekedi, aliyekuwa akipingana na Rais, alitangaza kwamba noti hizo si halali, na wenye maduka wakazikataa. Fikiria, ndugu msikilizaji, askari aliyesubiri mshahara wake, ameupata mkononi, amefika dukani, akaambiwa ile ni karatasi. Vurugu iliyofuata iliua watu wengi, akiwamo balozi wa Ufaransa.

Miaka minne baadaye, vita vilivyoanzia mashariki ya nchi mwaka 1996 vilipoelekea Kinshasa, jeshi la Zaire halikuwa na la kupigania. Vikosi vingi vilirudi nyuma vikipora miji iliyopaswa kulindwa. Kisangani ulianguka Machi 1997, na Mei 17, 1997, Kinshasa ukaingia mikononi mwa wafuasi wa Laurent Kabila. Mobutu alikimbia, akafa Morocco mwaka huo huo. Na ufa haukuzibika kwa kubadilisha jina la nchi. Mwaka 1998 vita vipya vilizuka, na majeshi ya Rwanda, Uganda, Angola, Zimbabwe na Namibia yalipigana katika ardhi ya Kongo, mengine upande wa serikali na mengine dhidi yake. Mali ya nchi isiyolindwa ni kama shamba lisilo na uzio.

Hapa msikilizaji ana haki ya kuuliza kama ni halali kulinganisha nchi hizi. Botswana ina watu wapatao milioni 2 na laki 4, na wengi wao wanazungumza Kitswana. Kongo ni nchi kubwa mara nne ya Botswana, ina watu zaidi ya milioni 100 na makabila mamia, na inapakana na nchi tisa. Botswana haikuonja ukoloni mkali kama ule wa Mfalme Leopold. Waingereza waliipuuza, na kupuuzwa huko kuliziacha mila zake zikiwa hai. Vile vile mataifa makubwa ya Magharibi yalimlea Mobutu kwa miaka mingi kwa sababu ya ugomvi wao na Urusi, wakijua vyema jinsi alivyotawala. Hoja hizi zote ni za kweli, na asiyezitaja huwaonea Wakongo. Hata hivyo hazimalizi swali. Hakuna mkubwa wa ng'ambo aliyeilazimisha Kinshasa kumnyima koplo mshahara wake, na hakuna jangwa lililoilazimisha Gaborone kuweka hesabu zake sawa.

Kadhalika isidhaniwe kwamba Botswana ni pepo. Tofauti kati ya tajiri na maskini ni kubwa mno, na vijana wengi hawana kazi. Wasan, wenyeji wa kale wa Kalahari, waliondolewa katika ardhi yao mwaka 1997 na mwaka 2002, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2006 kwamba waliondolewa kinyume cha sheria. Ugonjwa wa UKIMWI uliwaua watu wengi hata wastani wa umri wa kuishi ukashuka sana, kabla serikali haijaanza, mwaka 2002, kutoa dawa bila malipo kwa mpango wa taifa, jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Afrika ilikuwa imelifanya. Jeshi lenyewe limepata doa. Mwaka 2009 raia mmoja aliuawa kwa risasi na askari wa jeshi. Mahakama iliwahukumu askari hao kifungo mwaka 2011, lakini baadaye Rais akawasamehe, na watu wengi walikasirika.

Lakini tazama, wasikilizaji, namna makosa hayo yalivyojulikana: mahakamani, Bungeni, magazetini, na katika baraza la kijiji ambalo kwa Kitswana huitwa kgotla. Katika baraza hilo mtu wa kawaida husimama mbele ya chifu au waziri akasema lililo moyoni, na wakubwa husikiliza. Watu wa huko husema kwamba chifu ni chifu kwa sababu ya watu wake. Uchaguzi umefanywa mara kwa mara bila kukatizwa tangu mwaka 1965. Kwa miaka mingi polisi wa kawaida walifanya doria bila bunduki, maana raia hawakuhesabiwa kuwa adui. Na jeshi la Botswana, tangu lilipoanzishwa, halijapindua serikali hata mara moja.

Jaribio kubwa zaidi lilifika Oktoba 2024. Chama cha BDP, kilichotawala tangu uhuru, yaani kwa miaka 58, kilishindwa katika uchaguzi na kubaki na viti 4 tu vya kuchaguliwa. Rais Mokgweetsi Masisi alikubali kushindwa hata kabla hesabu yote haijakamilika, na mpinzani wake, Duma Boko, akaapishwa. Askari walibaki kambini, wakaendelea kulipwa na serikali mpya kama walivyolipwa na ile ya zamani, kwa kuwa mshahara wao haukuwa zawadi ya chama wala ya mtu. Hiyo ndiyo maana halisi ya jeshi la taifa.

Rais huyo mpya alirithi shida. Biashara ya almasi imedhoofika tangu mwaka 2023, kwa sababu almasi zinazotengenezwa na wanadamu viwandani zimejaa sokoni na bei yake ni ndogo. Fedha zilipungua hata hospitali zikakosa dawa. Agosti 2025 Rais Boko alitangaza hali ya hatari katika mambo ya afya na kuliagiza jeshi lisimamie ugawaji wa dawa hadi sehemu za mbali. Serikali haimwamini askari mwenye njaa kuibeba dawa ya mgonjwa. Humwamini askari ambaye raia hawajazoea kumwona akinyang'anya.

Kongo nayo haikukaa bure. Katiba mpya ilianza kutumika mwaka 2006, nayo inasema kwamba jeshi si la chama chochote. Kuanzia wakati huo, kwa msaada wa maofisa kutoka Ulaya, kazi ya kulipa mishahara ilianza kutengwa na kazi ya kuamrisha vikosi, ili kamanda asishike tena gunia la fedha za askari wake. Askari walipohesabiwa mmoja mmoja, ilionekana kwamba wengi walioandikwa katika orodha walikuwa majina matupu: watu wasiokuwapo, ambao mishahara yao ilikuwa ikiliwa na walio hai. Baadaye mishahara ikaanza kupitishwa benki. Januari 2019, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, Rais mmoja alimkabidhi mwingine madaraka kwa amani, ijapokuwa wengi waliutilia shaka uchaguzi wenyewe.

Lakini ufa wa miaka mingi hauzibwi kwa siku moja. Julai 2024 mahakama ya kijeshi huko Butembo iliwahukumu kifo askari 25 kwa kosa la kumkimbia adui. Januari 2025 waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema kwamba wanasaidiwa na Rwanda, waliuteka mji wa Goma, na mwezi uliofuata wakauteka Bukavu. Wakati wa masaibu hayo Rais Felix Tshisekedi aliagiza mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Agizo lilikuwa jema, na wapo askari wa Kongo waliokufa kishujaa wakiilinda nchi yao kwa malipo madogo kabisa. Lakini mshahara unaopandishwa adui akiwa mlangoni ni ukuta unaojengwa pale ambapo ufa ungalizibwa zamani.

Leo mapato ya Mtswana mmoja, kwa wastani, ni kama mara kumi ya yale ya Mkongo, na Mtswana hutazamiwa kuishi miaka kadhaa zaidi. Wengi wa Watswana wanapata umeme, na hali katika Kongo, yenye maporomoko ya Inga, ni kama mtu mmoja tu katika watano. Tofauti hii haikutokana na almasi, maana almasi ziko pande zote mbili. Ilitokana na jambo linaloonekana dogo: upande mmoja, fedha iliyotoka mgodini iliandikwa daftarini na kupita mikononi mwa watu waliojua kwamba wataulizwa, upande wa pili, ilipita mikononi mwa watu ambao hakuna aliyethubutu kuwauliza.

Ndugu wasikilizaji, somo hili si la marais na mawaziri peke yao. Liko katika kila kikosi na kila kituo cha polisi. Afisa mhasibu anayeandika jina la askari asiyekuwapo, kamanda anayekata sehemu ya posho ya vijana wake, na konstebo anayemtoza mama wa sokoni kwenye kizuizi, kila mmoja wao anachimba ukuta ule ule ulioanguka Kinshasa mwaka 1991. Na yule anayesoma orodha yake kwa uaminifu, akalipa kila mtu haki yake mbele ya mashahidi na kumwacha raia apite salama, analinda nchi yake sawasawa na yule aliye mpakani na bunduki, ingawa hakuna atakayempigia saluti kwa kazi hiyo.